Nioklasiki: Sanamu na Samani za Kurejea Ukale

Nioklasiki ni mtindo wa sanaa uliostawi Ulaya tangu miaka ya 1750 hadi takriban 1830. Wafuasi wake waliyarejea maumbo ya Ugiriki na Roma ya kale wakayafanya kipimo cha uzuri. Mwanzo wake ulitoka ardhini. Mwaka 1738 ulianza ufukuaji wa Herculaneum, na mwaka 1748 wa Pompeii, miji ya Kirumi iliyofukiwa na mlipuko wa mlima Vesuvius mwaka 79. Humo zilikutwa meza, taa, vyombo vya shaba na kuta zilizochorwa, na Wazungu waliokuwa wakiijua Roma kwa mahekalu na vitabu wakaanza kuona namna Warumi walivyopamba vyumba vyao. Mwaka 1764 msomi wa Kijerumani Johann Joachim Winckelmann alichapisha historia ya sanaa ya kale, akiwataka wasanii waufuate utulivu na usahili wa Wagiriki.

Mtindo uliokuwa ukiachwa ni rokoko, wenye mistari ya kujipinda, makombe, majani na dhahabu kila pembe. Nioklasiki iliyaondoa mengi ya hayo, ikaleta mistari iliyonyooka, ulinganifu wa pande mbili, na nakshi chache zenye mahali pake maalumu.

Katika uchongaji, mabingwa wawili hutajwa mbele ya wengine: Antonio Canova wa Italia (1757–1822) na Bertel Thorvaldsen wa Denmark (1770–1844). Canova alianza na udongo, kisha umbo hilo likanakiliwa kwa plasta na kupigiliwa vijiti vya chuma vya kupimia. Wasaidizi walihamisha vipimo hivyo hadi kwenye bonge la marumaru na kulichonga kwa jumla. Mwenyewe akaja kumalizia ngozi, nywele na vidole. Kazi yake inayofaa kutazamwa kwa makini ni sanamu ya Pauline Borghese, dada yake Napoleon, aliyoichonga kati ya 1805 na 1808, na ambayo sasa ipo katika Galleria Borghese mjini Roma. Pauline amejilaza kama Venus, tofaa mkononi, na godoro lake la marumaru limebonyea kwa uzito wa mwili. Kochi lililombeba ni la mbao, nalo ndani lilifungwa mtambo wa kulizungusha, ili mtazamaji atulie mahali pamoja na sanamu imgeukie. Kazi hii inafundisha mengi kwa sababu mchongaji na fundi wa samani wamekutana ndani yake.

Weupe wa marumaru hizo ulitokana na kosa. Sanamu za kale zilipofukuliwa rangi ilikuwa imekwisha kupukutika, na kizazi hicho kikaamini kwamba Wagiriki walipenda jiwe tupu. Uchunguzi wa baadaye umethibitisha kwamba nyingi zilipakwa rangi kali.

Kwa upande wa samani, anayetaka kuutambua mtindo huu aanze na miguu. Kiti cha Ufaransa cha wakati wa Louis wa 16, aliyetawala kuanzia 1774 hadi 1792, kina miguu iliyonyooka, iliyokerezwa ikapungua unene kuelekea chini, na kuchongwa mifereji wima mfano wa nguzo ya hekalu. Pale mguu unapoungana na fremu ya kikalio pana kipande cha mraba chenye ua la duara. Kipande hicho ndicho kinachoficha kiungo, na macho yaliyozoea hukitafuta kwanza. Mguu wa rokoko hautulii hivyo: hutoka nje kama goti, hurudi ndani, kisha huishia kwa kizingo. Miguu iliyopinda ipo pia katika nioklasiki, ila hiyo ni ile ya kiti cha Kigiriki kiitwacho klismo, iliyokwenda kwa mkunjo mmoja kama upanga.

Enzi ya Napoleon ilileta samani nzito zaidi. Wasanifu Percier na Fontaine walipanga vyumba vya mahogani yenye kung'aa, iliyobandikwa mapambo ya shaba iliyochovywa dhahabu: mashada ya majani, tai, na baada ya safari ya kivita ya Misri ya 1798, sfinksi pia. Uzuri huo uliumiza watu, na hilo inafaa lisemwe wazi. Mahogani nyingi ya Karibi ilikatwa na watumwa, na dhahabu ilishikizwa kwenye shaba kwa kuchoma zebaki, ambayo mvuke wake uliwaua mafundi polepole.

Sura ya kiti peke yake haitoshi kuonyesha umri wake. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 samani za Louis wa 16 ziliigwa kwa wingi, na bado zinaigwa. Mkaguzi hukigeuza kiti juu chini. Huko hutafuta alama za randa ya mkono, viungo vya mbao visivyolingana kabisa, na skrubu zisizotoka kiwandani. Meza ya duara ya zamani ikipimwa huonekana imeingia umbo la yai, kwa kuwa mbao husinyaa kwa upana kuliko kwa urefu.

Afrika Mashariki mtindo huu ulikuja baadaye sana, tena kwa mkono wa ukoloni. Mfano ulio dhahiri ni Maktaba ya McMillan jijini Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 1931. Lady Lucie McMillan aliijenga kwa kumbukumbu ya mumewe, ikiwa na nguzo kubwa mbele na simba wawili wa mawe langoni. Hadi 1958 ilikuwa ya Wazungu peke yao. Nguzo za Kigiriki zilitumika hapo kutangaza nani mwenye mji, na ndiyo maana jengo hilo lisomwe pamoja na historia yake.

Kigali, mji mkuu wa Rwanda, haina jengo la aina hiyo lenye umaarufu kama huo. Huko mitindo ya kale ya Ulaya imefika kwa njia ya sebule. Seti za makochi zenye migongo ya nakshi na rangi ya dhahabu hupendwa mjini kama katika miji mingine ya jirani, na katika Agakiriro ka Gisozi, soko la maseremala lililo wilaya ya Gasabo, mteja humpelekea seremala picha ya kiti kwenye simu akachongewa mfano wake. Lakini seti hizo, ziitwazo samani za kifalme, mara nyingi ni rokoko, yaani ule mtindo hasa ambao nioklasiki iliukataa. Kwa seremala tofauti hii ni ya fedha na muda: mguu wa kukereza hutoka kwenye mashine ukiwa tayari kuchongwa mifereji, ilhali mguu wa kujipinda hudai ubao mnene, ambao sehemu yake kubwa huishia kuwa taka.

Rwanda nayo imeurejea ukale wake yenyewe. Kuba la Kigali Convention Centre, lililofunguliwa Kimihurura mwaka 2016, limefuata umbo la msonge wa mfalme wa Rwanda huko Nyanza, ambao mfano wake umejengwa upya Rukari, kando ya kasri la mfalme Mutara wa Tatu Rudahigwa. Imigongo, nakshi za mwinuko ambazo mapokeo yanazihusisha na Kakira, mwana wa mfalme wa Gisaka, zilikuwa pambo la kuta za ndani za nyumba. Baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya 1994 wanawake wa Kirehe walizifufua juu ya vibao vya mbao. Samadi ya ng'ombe huchanganywa na majivu, hunyanyuliwa kwa vidole kuwa matuta ya pembe kali, huachwa ikauke, husuguliwa, kisha hupakwa nyeusi, nyeupe na nyekundu. Kutoka kwenye vibao hivyo michoro hiyo imeingia kwenye kuta za hoteli na samani za Kigali.