Kubemenda: Hofu inayomwachisha mtoto ziwa kabla ya wakati

MTOTO anayenyonya anapoanza kukonda, nywele zikabadilika rangi na miguu ikavimba, katika vijiji vingi vya Mkoa wa Morogoro swali la kwanza huwa si mtoto amekula nini, bali wazazi wake wamefanya nini. Jibu huwa tayari vinywani mwa majirani: mtoto amebemendwa.

Kubemenda ni imani kwamba wazazi wakikutana kimwili wakati mtoto angali ananyonya, au mmoja wao akitoka nje ya ndoa, maziwa ya mama huharibika na mtoto hudhoofika, huharisha na kuchelewa kutembea. Imani hiyo imeenea katika mikoa mingi nchini, na hata mijini wapo akina mama wasomi wanaoinong'ona wakiwa kwenye foleni ya kliniki.

Kata ya Malolo wilayani Kilosa, jirani na mpaka wa Mkoa wa Iringa, ni moja ya sehemu zinazoonyesha kwa nini suala hili lina uzito. Hapo kilimo cha umwagiliaji kwa maji ya Mto Mwega huwezesha wakulima kulima vitunguu na mazao mengine hata wakati wa kiangazi, na kazi ya shamba haimsubiri mama aliyejifungua. Bonde ni la joto. Mtoto akizidiwa hata akahitaji kulazwa, familia hulazimika kusafiri hadi Mikumi, iliko Hospitali ya Mtakatifu Kizito, au mbali zaidi hadi Kilosa mjini. Katika mazingira ya namna hiyo, kila siku inayopotea kwa kutafuta mchawi badala ya chakula na tiba huweza kugharimu uhai.

Alichokiona daktari wa Gold Coast

Wazee waliouanzisha mwiko huu hawakuwa wajinga. Mwanzoni mwa miaka ya 1930, daktari Cicely Williams, aliyekuwa akifanya kazi Gold Coast, ambayo leo ni Ghana, aliwaona watoto waliovimba miguu, wenye ngozi inayobanduka na nywele zilizopauka. Alieleza ugonjwa huo kwa maandishi mwaka 1933, na mwaka 1935 akautaja kwa jina ambalo akina mama wa Kiga walikuwa wakilitumia: kwashiorkor. Jina hilo lilihusu ugonjwa unaompata mtoto aliyeondolewa ziwani baada ya mdogo wake kuja. Waswahili tunauita kwashakoo.

Kwa maneno mengine, akina mama wa Ghana na wazee wa Kilosa waliona jambo lile lile: mimba inayofuata haraka humdhuru mtoto aliye mgongoni. Tofauti imo katika maelezo ya chanzo chake.

Mbegu za mwanamume haziingii katika maziwa. Maziwa hutengenezwa na tezi zilizomo ndani ya matiti kutokana na virutubisho vinavyoletwa na damu, na hakuna njia yoyote inayounganisha mfuko wa uzazi na tezi hizo. Tendo la ndoa lenyewe halibadilishi maziwa kuwa sumu.

Kinachotokea ni mfululizo mwingine. Wazazi hukutana bila kinga, mimba huingia, na mama, kwa hofu ya kubemenda, humwachisha mtoto ziwa ghafla. Badala ya maziwa, mtoto hupewa uji mwepesi wa mahindi au muhogo, unaojaza tumbo bila kujenga mwili. Uji huo ukichanganywa na maji yasiyo salama, kuhara hufuata, na kuhara hupoteza hata kile kidogo kilicholiwa. Baada ya wiki kadhaa miguu huvimba. Majirani, wakiona mimba na mtoto mgonjwa kwa pamoja, huona imani yao imethibitika.

Ukweli ni kwamba mama mwenye mimba isiyo na matatizo anaweza kuendelea kunyonyesha. Maziwa huweza kupungua na ladha yake kubadilika, lakini hayageuki kuwa sumu. Anachohitaji mama huyo ni chakula cha kutosha na ushauri wa mhudumu wa afya.

Lawama zinazomficha mgonjwa

Madhara ya imani hii hayaishii kwenye kuachisha ziwa mapema. Kwa kuwa kubemenda ni tuhuma inayohusu faragha ya ndoa, mama huona haya kumpeleka mtoto kliniki siku ya kupimwa uzito. Kadi yenye mstari unaoshuka huwa kama hati ya mashtaka mbele ya wenzake. Matokeo yake mtoto hufichwa nyumbani, hupewa dawa za mitishamba, na hufikishwa kwa mganga wa zahanati akiwa amekwisha kuzidiwa.

Lipo pia jambo lisilosemwa waziwazi. Mwiko wa miezi mingi humfanya baadhi ya wanaume kutafuta wanawake wengine. Mama akiambukizwa virusi vya Ukimwi katika kipindi cha kunyonyesha, virusi huwa vingi sana mwilini mwake na hatari ya kumwambukiza mtoto kwa maziwa huwa kubwa. Mwiko uliowekwa ili kumlinda mtoto unaweza hivyo kumfungulia mlango wa ugonjwa mwingine. Kwa upande mwingine, mama anayeishi na virusi hivyo na kutumia dawa zake kila siku kwa usahihi anashauriwa kunyonyesha, kwani dawa hizo hupunguza mno uwezekano wa maambukizi.

Miezi sita ya kwanza

Tangu mwaka 2001, Shirika la Afya Duniani limeshauri mtoto anyonyeshwe maziwa ya mama pekee kwa miezi sita, bila maji, uji wala dawa za kienyeji. Kisha aanze chakula cha nyongeza huku akiendelea kunyonya hadi miaka miwili au zaidi.

Ushauri wa kutompa maji huwatatiza wengi, hasa kwenye joto kama la bonde la Ruaha. Hata hivyo, zaidi ya asilimia 85 ya maziwa ya mama ni maji, na mtoto anayenyonya kila anapotaka hapungukiwi. Dang'a, yaani maziwa ya njano ya siku za mwanzo ambayo baadhi ya familia huyamwaga zikidhani ni machafu, ina kingamwili nyingi na vitamini A. Kadiri mtoto anavyonyonya, ndivyo mwili wa mama unavyotengeneza maziwa zaidi. Chupa ya uji inapoingia, maziwa hupungua.

Taifa limepiga hatua. Utafiti wa afya wa mwaka 2004/05 ulionyesha kuwa asilimia 41 ya watoto wa chini ya miezi sita walinyonyeshwa maziwa ya mama pekee. Mwaka 2022 walikuwa asilimia 64. Vifo vya watoto wa chini ya mwaka mmoja vilipungua kutoka 68 hadi 33 katika kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai. Sababu za mafanikio hayo ni nyingi, zikiwamo chanjo na vyandarua, lakini kunyonyesha ni kinga isiyouzwa dukani.

Nini kifanyike?

Hekima ya wazee ya kupumzisha uzazi inaweza kuhifadhiwa bila hofu wala lawama. Wataalamu hushauri angalau miezi 24 ipite tangu kujifungua kabla ya kubeba mimba nyingine. Mama anayenyonyesha maziwa pekee usiku na mchana, ambaye hajaona siku zake na mtoto wake hajatimiza miezi sita, ana uwezekano mdogo sana wa kushika mimba. Baada ya hapo zipo njia zisizoathiri maziwa: kondomu, kitanzi, vijiti na vidonge maalumu kwa wanaonyonyesha. Wenzi wanaotumia njia hizo hawana sababu ya kutengana.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo, au siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Mama anayelima shamba la familia hana mwajiri wa kumdai saa hizo. Wa kumpatia ni mumewe, mama mkwe na wifi zake: kumpunguzia palizi, kumbebea maji, kumwachia kivuli cha kunyonyeshea.

Na siku mtoto anapoonekana kudhoofika, anayestahili kuulizwa kwanza ni mhudumu wa zahanati mwenye mizani. Kwashakoo hutibika mtoto anapowahishwa, na baba anayekwenda naye kliniki bega kwa bega na mama huwanyima majirani nafasi ya kutafuta mkosaji.