Nchi ya Mwezi Iliyoandikwa Kashi

Katika kitabu cha John Hanning Speke kuhusu chanzo cha Nile, kilichochapwa 1863, kuna maneno machache ambayo wengi huyapita. Mimi yamenikwama. Speke anasimulia kwamba Kanali Rigby, balozi mdogo wa Uingereza Zanzibar, alimpa makala ya zamani yenye ramani iliyotolewa katika Purana, vitabu vitakatifu vya Wahindu. Ramani hiyo inaonyesha mto mkubwa ukitoka katika ziwa Amara, na karibu yake ipo nchi iitwayo Chandristhan, yaani Nchi ya Mwezi. Speke hakusita: hiyo ni Unyamwezi. Akaamini kwamba Wahindu wa kale walikuwa wakifanya biashara na watu wa pande zote mbili za Nyanza (ziwa Victoria).

Kwa mtu wa Ziba, Nkinga au Puge, huku Unyamwezi, hiyo si habari ndogo. Kumbe babu zetu wametajwa katika maandiko matakatifu ya India! Nikataka kujua ni nani aliyewataja.

Makala yenyewe ilitoka 1792, na mwandishi wake ni Francis Wilford, ofisa wa jeshi la Kampuni ya Uingereza ya India Mashariki. Alipelekwa kupima ardhi Benares, mji ambao waumini huuita Kashi, akaishi huko mpaka alipofariki mwaka 1822. Kashi ni mji wa Shiva. Mahujaji huja kuoga katika Mto Ganges, na wazee huja kufia hapo wakiamini kwamba roho itaepushwa na kuzaliwa upya. Ni mji wa wanazuoni pia. Aliyetaka kujua Purana zinasema nini angekwenda wapi pengine?

Wilford akaajiri panditi, yaani mwanazuoni wa Kihindu. Kosa lake ni kwamba alizungumza mno. Alimsimulia habari za Misri, za Wagiriki na za Biblia, kisha akamtuma atafute kama Wahindu nao wanazo. Panditi akawa anazipata, kila mara. Hata Sir William Jones, bingwa wa Kisanskriti wa zama zile, aliziunga mkono.

Yaliyofuata ameyaeleza Wilford mwenyewe katika waraka aliouchapisha mwaka 1805, na kwangu hakuna waraka wa kitaalamu unaotia huruma kuliko huo. Siku moja alikuwa akilinganisha nakala za mkono. Akaona kwamba kila penye jina fulani alilokuwa akilitafuta, mwandiko umebadilika kidogo, na karatasi ina rangi tofauti, kama imepakwa kitu. Akainua ukurasa kwenye mwanga. Neno la awali lilikuwa limekwanguliwa, pakapakwa gundi, na juu yake limeandikwa jingine. Mahali pengine lile la zamani lilikuwa bado linasomeka. Akaikumbuka makala yake ile ya 1792 kuhusu Misri na Nile, akakimbilia nakala alizozinukuu humo. Nazo zilikuwa zimekwanguliwa vivyo hivyo.

Anasema hatawachosha wasomaji kwa kueleza alivyojisikia. Anaeleza tu jinsi mambo yalivyokwenda. Panditi alipewa fedha za kuwalipa wasaidizi, akazitia mfukoni. Kwa kuwa hakuwa na watu wa kupekua vitabu, akatunga mwenyewe, akichanganya aliyoyakumbuka katika Purana na aliyoyasikia kwa bwana wake. Alipobanwa aliwaka kwa hasira, akawaita Mabrahmani kumi waje kuapa kwa yaliyo matakatifu kwao kwamba maandiko ni ya kweli. Wilford aliwakaripia, akawakataza kuapa. Kisha akaanza kuwaarifu rafiki zake, ili habari hiyo waisikie kwake kwanza.

Ungamo hilo lilitangulia kitabu cha Speke kwa miaka 58. Je, Rigby hakulisoma? Au alilisoma, akaona ramani ni nzuri mno kuitupa?

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba ukweli ulikuwa hapa hapa Kazeh, Tabora ya leo. Speke na msafiri mwenzake Burton walipofika Novemba 1857, aliyewaeleza habari za Nyanza ni Snay bin Amir, mfanyabiashara aliyekwisha kufika Buganda kwa miguu yake. Na kama ni Mhindi aliyeijua nchi hii, alikuwepo Musa Mzuri, Mwislamu wa asili ya Surat, aliyefanya biashara hadi Karagwe. Elimu ya njia ilikuwa kwao, na kwa wapagazi wa Kinyamwezi ambao hata majina yao hayakuandikwa. Lakini sifa ikapelekwa kwa Wahindu wa kale, kupitia karatasi iliyopakwa gundi.

Uhusiano wa Wahindu na Nile upo, na hauhitaji kughushiwa. Mwaka 1948 sehemu ya majivu ya Mahatma Gandhi ilimwagwa Jinja, pale Nile inapotoka ziwani, na sanamu yake ipo hapo tangu 1997. Huo ni urithi uliotokana na watu walioishi kando ya mto huo, wakalima na kufanya biashara.

Hadi leo maneno ya Speke yananukuliwa kama ushahidi kwamba Wahindu wa kale waliijua Nile. Ukitumiwa ukurasa huo, mwombe aliyekutumia akuletee na waraka wa Wilford wa 1805.