Mfumo wa Sauti wa Kiwandani na Masafa ya Ziwani: Magari ya Japani Mjini Kisumu

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba vyaelea vimeundwa. Sauti safi inayosikika ndani ya Toyota Land Cruiser katika barabara ya vumbi kandokando ya Ziwa Viktoria nayo imeundwa. Si zao la spika kubwa pekee. Makala haya yanafafanua jinsi mfumo bora wa sauti wa kiwandani unavyosanifiwa kwa magari ya barabara mbovu, na kwa nini mfumo uo huo ukifika Kisumu kutoka Japani huwa kiziwi kwa vituo vingi vya wenyeji.

Usanifu wa Sauti ya Gari

Fikra ya kusanifu sauti kwa gari mahususi ilishika mizizi mwanzoni mwa miaka ya 1980, kampuni za Bose na General Motors za Marekani ziliposhirikiana kutengeneza mifumo iliyowekwa katika magari ya mwaka wa 1983. Baadaye JBL iliingia katika magari ya Toyota, Mark Levinson katika Lexus na Meridian katika Range Rover.

Ndani ya gari si kama sebuleni. Vioo hurudisha sauti na viti huimeza, ilhali dereva huketi karibu na spika za upande mmoja tu. Kwa hiyo wahandisi hupima sauti pale pale kilipo kichwa cha msikilizaji, kisha kikuza sauti hucheleweshwa upande wa spika iliyo karibu ili sauti zote zimfikie kwa pamoja. Magari ya barabara mbovu huongeza matatizo mengine: matairi yenye meno makubwa na injini ya dizeli hutoa ngurumo inayofunika besi, na milango hupenya vumbi na unyevu. Aghalabu besi huongezwa nguvu, na koni za spika huundwa kwa plastiki badala ya karatasi. Mfumo uliosanifiwa vyema humwezesha mpenzi wa benga kutenganisha gita la juu linalokimbia na gita la besi, hata gari likiwa katika changarawe.

Mpaka wa Masafa

Tatizo huanza redio inapowashwa. Nchini Kenya, FM hutumia masafa ya megahezi 87.5 hadi 108. Japani ilitenga megahezi 76 hadi 90 kwa FM, kwa kuwa masafa ya 90 hadi 108 yalikuwa ya televisheni. Televisheni ya analojia ilipozimwa katika sehemu kubwa ya nchi hiyo mwaka wa 2011, nafasi ilipatikana, na baadaye FM ya Japani ikapanuliwa hadi 95. Hivyo, redio ya zamani ya Kijapani huambulia megahezi 2.5 tu za masafa ya Kenya. Ile inayofika 95 hupata 7.5. Gari lililoundwa kwa soko la Uingereza halina kasoro hii, kwani masafa ya huko ni sawa na ya Kenya.

Uamuzi wa Fundi

Dawa iliyozoeleka ni kigeuza masafa, kifaa kidogo kinachowekwa kati ya antena na redio. Tuchukue mfano wa kifaa kinachopunguza megahezi 14: kituo cha 98 huonekana kwenye redio kama 84. Hata hivyo, redio yenye upana wa 76 hadi 90 itapokea vituo vya 90 hadi 104 pekee. Kikichaguliwa kifaa cha kupunguza 18, vitapatikana vya 94 hadi 108, na vya chini vitapotea. Upana wa megahezi 14 hauwezi kuumeza upana wa 20.5. Kwa hiyo, anayechagua kifaa huchagua pia sauti zitakazonyamazishwa: huenda zikawa za kituo cha Kidholuo kinachotangaza habari za ziwa, au za kituo cha Kiswahili.

Njia nyingine ni kubadilisha redio yenyewe. Njia hii ina gharama yake katika mifumo ya hali ya juu, kwa sababu kikuza sauti hukaa mbali na redio na huwasiliana nayo kwa namna ya kiwanda hicho. Isitoshe, baadhi ya spika zake zina ukinzani wa omu 2, ilhali redio nyingi za dukani zimekadiriwa kwa omu 4. Zikiunganishwa moja kwa moja, redio hulazimika kutoa mkondo mkubwa kupita kiasi na huweza kuungua. Yafaa mnunuzi aulize kama kuna kiunganishi kinachokihifadhi kikuza sauti cha awali kabla waya haujakatwa.

Hitimisho

Ubora wa mfumo wa sauti hauna budi kupimwa mahali unapotumika. Aidha, suala hili lina upande wa lugha: kioo cha redio huandika Kijapani, na baadhi ya redio hudai namba ya siri kwa lugha hiyo betri inapotolewa. Mnunuzi asiyeelewa hulipia marekebisho ambayo hawezi kuyahoji. Istilahi kama vile masafa, ukinzani, mkondo na kikuza sauti tayari zimo katika Kiswahili. Kilichobaki ni kwa wanafunzi na wahadhiri wa lugha hii kuzitoa darasani na kuandika miongozo mifupi ambayo fundi na mteja wake wataisoma pamoja, kabla ya gari kufunguliwa.