Hesabu ya Taa na Kuni: Funzo Kutoka Nanyamba



Huenda wengine wakauliza: sisi wakulima wa karafuu tuna haja gani na Nanyamba, mji wa wakulima wa korosho mkoani Mtwara? Haja tunayo. Mkulima wa korosho, kama sisi, hupata fedha kwa msimu. Lakini gharama ya taa na jiko haingoji msimu.

Tena tuna undugu wa umeme. Gesi ya asili iligunduliwa Mnazi Bay, upande wa Msimbati, mwaka 1982, na kwa miaka mingi mitambo ya gesi ya Mtwara ndiyo iliyowasha taa za mkoa ule. Bomba lililokamilika mwaka 2015 huipeleka gesi mpaka Dar es Salaam kuzalisha umeme wa gridi. Na katika gridi hiyo ndimo Unguja inamopata umeme wake, kwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba.

Sasa tutazame hesabu. Katika bei za TANESCO zilizopangwa mwaka 2016, nyumba yenye matumizi madogo iliwekewa Sh. 100 kwa kila uniti, mpaka uniti 75 kwa mwezi. Kila uniti iliyozidi hapo ni Sh. 350, mbali na kodi. Basi uniti moja ya ziada yala fedha ya uniti tatu na nusu.

Tuchukue nyumba ya mfano itumiayo uniti 90: kwa bei hizo yalipa Sh. 12,750. Ina globu nne za zamani za wati 60, ziwakazo saa tano kila usiku. Hizo peke yake zala uniti 36 kwa mwezi. Zikiwekwa globu za LED za wati 9, zitakula uniti tano na nusu tu. Nyumba itashuka mpaka karibu uniti 60, nayo italipa kama Sh. 6,000. Kwa mwaka zabaki zaidi ya Sh. 80,000, nazo ni madaftari na sare za watoto.

Pasi ya wati 1,000 yala uniti nzima kwa saa moja. Yafaa nguo za wiki zipigwe pasi kwa mara moja, si moja moja kila asubuhi.

Jikoni nako kuna fedha inayopotea. Mafiga matatu yaliyo wazi huacha moto uende na upepo. Jiko lililozungushiwa udongo huuweka chini ya chungu. Kuni mbichi hutoa moshi kuliko moto, basi zianikwe kwanza. Mbaazi na maharage yalowekwe usiku, na chungu kifunikwe. Nanyamba matawi ya mikorosho yaliyopogolewa hufaa kuni yakikauka. Kwetu hufaa matawi ya mikarafuu yaliyoanguka. Lakini makonyo msiyatie motoni, kwani yana mafuta na yana mnunuzi.

Bei za ZECO ni mbali na hizi tulizotaja, hivyo mwanachama na aulize katika afisi ya umeme iliyo karibu naye. Kisha na asome mita yake kila Ijumaa na kuandika, apate kujua uniti zinakokwenda.

Bandu bandu huisha gogo. Na mfuko wa mkulima huisha vivyo hivyo.