Redio ya Gari: Tununue Mpya au Tutengeneze?

Je, mama msomaji, umewahi kuletewa gari kutoka Japani, ukawasha redio kwa furaha, ukasikia mlio wa samaki anayekaangwa tu? Sisi yalitukuta. Gari iliteremshwa Mkoani, na safari yetu ya kwanza ilikuwa kwenda Wete. Watoto wakaomba redio. Tukapita Chake Chake, tukapanda na kushuka vilima kati ya mikarafuu, wala hakuna kituo hata kimoja kilichosema neno la kueleweka.

Baba watoto akakata shauri palepale barabarani: redio mpya, amplifaya, na boksi kubwa la besi ndani ya buti. Alipotaja bei tukanyamaza. Ilikaribia ada ya muhula mzima ya mtoto wetu wa kwanza. Hatukutaka kumvunja moyo, maana hana starehe nyingine ila nyimbo za kwaya, wala hatukutaka kubishana mbele ya watoto. Tukamwomba wiki moja, tukimkumbusha yule mtu wa Luka 14 anayekaa kwanza na kuhesabu gharama za mnara wake. Akacheka, akakubali.

Jambo la kwanza tulilojifunza kwa fundi ni kwamba redio haikuwa mbovu hata kidogo. Japani matangazo ya FM huanzia megahezi 76, na redio nyingi za magari ya huko huishia 90. Kwetu Tanzania vituo viko kati ya 88 na 108. Redio yetu ilikuwa ikibisha hodi kwenye nyumba zisizo na watu! Kipo kifaa kidogo kinachofungwa kwenye waya wa antena ili kushusha masafa. Kikiwa cha kushusha 20, kituo cha 98 utakipata kwenye 78. Ni cha bei nafuu, lakini hakifikishi vituo vyote, na mara nyingi huongeza mikwaruzo.

Ya pili ilikuwa kupima sauti yenyewe. Tuliegesha gari chini ya mwembe, injini imezimwa. Tukarudisha besi na sauti nyembamba kwenye sifuri, tukazima vitufe vyote vya mbwembwe, kisha tukaweka wimbo wa kwaya tunaoujua neno kwa neno. Wimbo mgeni haufai kwa kazi hii, kwa kuwa hutajua kilichopungua. Halafu tukasikiliza spika mojamoja: mbele, nyuma, kulia, kushoto.

Ya mbele kushoto ilikoroma kila waimbaji wa sauti ya nne walipoingia. Fundi alipoufungua mlango tukaona karatasi ya spika imechanika ukingoni. Spika nyingi za kiwandani zina uso wa karatasi, na unyevunyevu wa kisiwani hauzihurumii. Tena mlango wenyewe ulikuwa bati tupu. Ukiugonga unalia kama debe.

Hapo baba watoto akauliza habari za wati. Kwenye maboksi ya redio mpya huandikwa 50 mara 4, na macho ya wanaume huishia hapo. Fundi alieleza kwamba hicho ni kilele cha kitambo kidogo tu. Redio isiyo na amplifaya ya pembeni hutoa kwa uhakika wati 15 hadi 20 kwa kila spika, na kwa gari ya familia zinatosha. Amplifaya ya wati 300 huvuta zaidi ya ampea 25 kwenye betri ya volti 12. Inataka waya mnene wake peke yake, na fyuzi karibu kabisa na betri. Fundi anayeunga waya mwembamba bila fyuzi anawawekea moto chini ya viti vya watoto.

Lakini sisi kilichotutia hofu zaidi kilikuwa masikio. Mtoto wetu mdogo hulala kiti cha nyuma, kichwa karibu na spika. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wa mwaka 2019, linaweka desibeli 80 kwa saa 40 za juma kwa mtu mzima, na 75 tu kwa mtoto. Kila zikiongezeka desibeli 3, muda huo hupungua kwa nusu. Ukilazimika kupaza sauti ili aliye kando yako akusikie, ujue umekwisha kupita mpaka.

Basi tukakubaliana. Tulinunua redio ya kawaida yenye masafa ya kwetu na spika mbili za mbele. Waya za kiwandani hazikukatwa. Fundi alitumia soketi ya kuunganishia. Ndani ya milango akabandika vipande vizito vya kuzuia mtetemo. Spika za nyuma tukaziacha zilezile na kuzipunguza sauti. Ada ililipwa kwa wakati.

Sasa tukitoka ibadani tunasikia hata pumzi ya mwimbaji, na tukikaribia msikiti wakati wa adhana mtoto wa pili ndiye hupunguza sauti kabla hajaambiwa. Boksi la besi halijanunuliwa. Baba watoto bado husimama mbele ya duka lile la Chake Chake na kulitazama, nasi humsubiri garini.