Fedha za Mirathi Zigawanywe Lini?

Maporomoko ya matope ya Desemba 3, 2023 yaliua watu zaidi ya 80 wilayani Hanang. Kifo hakibishi hodi, iwe Katesh au Mbulu. Na matanga hayajaisha, shemeji anauliza: "Ng'ombe na pesa za benki tunagawana lini?"

Jibu letu: si siku ya kumaliza matanga. Kwanza ukoo ukae na kupendekeza msimamizi wa mirathi; mjane na mabinti wawepo. Familia nyingi za vijijini hupeleka muhtasari wa kikao na cheti cha kifo Mahakama ya Mwanzo. Mahakama hutoa tangazo ili mwenye pingamizi ajitokeze, ndipo humteua msimamizi. Yeye hukusanya mali, hulipa gharama za mazishi na madeni. Kinachobaki ndicho hugawanywa. Ndani ya miezi 4 tangu ateuliwe, anatakiwa kupeleka mahakamani orodha ya mali na madeni.

Msimamizi si mwenye mali. Mama, usitie dole gumba kwenye karatasi usiyosomewa. Miezi ikipita kimya, nenda mahakamani ukaulize. Hiyo ni ada ya shule ya wanao.