Mzigo huvuka na karatasi zake, mgonjwa huvuka mikono mitupu

Na Mwandishi Wetu, Bujumbura

JABE ni mtaa wa biashara jijini Bujumbura, jirani na Bwiza na Buyenzi, na Kiswahili ni moja ya lugha za kupatana bei hapa. Soko kuu la jiji lilipoungua Januari 27, 2013, wachuuzi walitawanyika katika masoko ya mitaa. Anayeuza Jabe leo, wiki ijayo huenda yuko Uvira, na inayofuata Kigoma.

Mfanyabiashara huyo anajua thamani ya karatasi. Gunia lisilo na hati halipiti mpakani. Lakini yeye mwenyewe, akiwa na ugonjwa wa kudumu, huvuka bila hati yoyote ya afya yake.

Tuchukue mfano wa mama mwenye shinikizo la damu. Kigoma kadi yake imeandikwa Asha. Bujumbura, ambako hospitali huandika kwa Kifaransa, ni Aïcha. Uvira ameandikwa Aisha. Kwa wateja wake ni mtu mmoja. Kwa kompyuta ni wagonjwa watatu, na hakuna hata mmoja mwenye historia kamili. Dawa iliyomdhuru Kigoma anaweza kuandikiwa tena Bujumbura.

Wa kwanza kuweza kugundua kwamba hao watatu ni mtu mmoja ni muuguzi. Yeye ndiye anayempokea mgonjwa, kumpima, kumwandika na kumpa dozi. Ndiyo maana ujuzi wake wa kompyuta ni jambo linalomhusu kila anayevuka mpaka.

Taaluma hiyo huitwa informatiki ya uuguzi. Chama cha Wauguzi cha Marekani kiliitambua kuwa tawi la ubingwa mwaka 1992. Katika ukanda wetu vifaa vimekwisha kufika. Nchini Burundi, hospitali kadhaa, ikiwemo ya Chuo Kikuu ya Kamenge, zimetumia OpenClinic, programu huria inayotunza taarifa za mgonjwa, vipimo na malipo. Burundi, Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na Kongo zote hutumia pia DHIS2, iliyoanzishwa Chuo Kikuu cha Oslo, kukusanya takwimu za magonjwa.

Hata hivyo, mifumo hiyo miwili haifanyi kazi moja. DHIS2 hasa huieleza wizara ni wagonjwa wangapi wa malaria waliotibiwa mwezi huu. Haimwambii muuguzi wa Jabe kwamba mama aliye mbele yake alilazwa Kigoma mwezi uliopita.

Je, muuguzi anahitaji kujua nini? Haitakiwi awe fundi wa kompyuta. Kwanza, atafute kabla ya kuandika upya: aulize namba ya kitambulisho, tarehe ya kuzaliwa na majina mengine anayotumia mgonjwa. Wafanyabiashara wanalielewa hili vizuri, kwa sababu pesa ya simu hufuata namba, haifuati jina.

Pili, ajue misimbo ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani. Katika orodha yake ya kumi, I10 ni shinikizo la damu, na E11 ni kisukari cha aina ya pili. Daktari wa Bujumbura akiandika kwa Kifaransa na wa Kigoma kwa Kiingereza, msimbo unabaki uleule.

Tatu, atunze siri. Neno la siri linaloazimwa wodi nzima ni sawa na ufunguo wa duka uliotundikwa mlangoni. Nne, ajue la kufanya umeme ukikatika: aandike kwenye karatasi kwa mpangilio uleule, kisha aingize kila kitu umeme ukirudi.

Uzembe hapa una gharama ya fedha. Tangu Mei 2006, Burundi hutoa matibabu bure kwa watoto wa chini ya miaka mitano na kwa wanawake wanaojifungua. Mwaka 2010 mpango huo uliunganishwa na ule wa kuilipa hospitali kulingana na kazi iliyofanya. Kazi hiyo huthibitishwa kwa kumbukumbu. Huduma isiyoandikwa vizuri inaweza isilipwe, na hospitali isiyolipwa hukosa dawa.

Kenya imetangulia kwa mengi. Mwaka 2001, Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana viliweka kumbukumbu za kompyuta katika kituo cha afya cha Mosoriot, karibu na Eldoret. Watafiti waliopima muda walikuta ziara ya mgonjwa imefupika kwa asilimia 22. Lakini muda ambao mtoa huduma alikaa na mgonjwa nao ulipungua. Kompyuta huokoa muda, ila ni muuguzi anayeamua kama muda huo utarudi kwa mgonjwa.

Mwaka 2005, shirika la AMREF na Baraza la Wauguzi la Kenya walianza kuwasomesha kwa kompyuta wauguzi wenye cheti ili wafikie stashahada. Waliolengwa walikuwa takriban 22,000. Hivyo muuguzi alijifunza uuguzi na kompyuta kwa pamoja, bila kuacha kituo chake kwa miaka.

Kwamba taarifa za afya zinaweza kuvuka mpaka, tumekwisha kuona. Mwaka 2020, foleni za malori zilipokuwa ndefu Malaba kwa sababu ya korona, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilianzisha mfumo wa kuwafuatilia madereva, na majibu ya vipimo yakaonekana kwenye simu nchi hadi nchi. Kisha Julai 2024 Burundi ilithibitisha wagonjwa wa mpox, ugonjwa uliokuwa ukienea Kivu Kusini, ng'ambo ya pili ya Gatumba. Katika hali kama hiyo, taarifa inayoingizwa leo hii na muuguzi husaidia kuzuia maambukizi. Ikikaa kwenye daftari hadi Ijumaa, ugonjwa umeshafika sokoni.

Dereva alipewa mfumo kwa sababu mzigo ulikuwa umekwama. Mama wa vitenge mwenye shinikizo la damu bado anasubiri wake. Mpaka siku hiyo, ajisaidie: atumie kitambulisho kimoja na herufi zilezile za jina kila hospitali, apige picha kadi na majibu ya vipimo, aandike majina ya dawa anazotumia na zile zilizomdhuru. Na akimkuta muuguzi anayemuuliza maswali mengi kabla ya kugusa kompyuta, asikasirike. Huyo anaijua kazi yake.